Kitanda Juu, Mashine Chini

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Nimepata mashine ya kufulia. Naandika tena ili niamini: mashine ya kufulia nguo, ya umeme, nyeupe, ya mviringo kama pipa, ina miguu minne yenye magurudumu, na juu yake rola mbili za mpira za kukamulia. Bure!

Ilikuwa hivi. Ofisi ilinituma shamba la mkonge kuchukua majalada. Meneja Mzungu anarudi kwao, na mkewe alikuwa barazani akigawa vyombo. Akauliza nani anataka mashine. Wapishi wakatazamana. Mimi nikanyoosha mkono. Sijanyoosha mkono tangu darasa la nane, na hata siku ile nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka.

Sababu ninayo. Mchumba wangu Mwanasha anafundisha darasa la kwanza hapa Mtanda. Mwezi uliopita alinieleza waziwazi kwamba hatatoka kwenye kelele za watoto hamsini aje ainamie karai lenye suruali zangu za kaki. Alisema ananipenda, lakini mgongo wake anaupenda zaidi. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Leo jibu limekuja juu ya mkokoteni.

Kuna tatizo dogo la nafasi. Chumba changu ni futi kumi kwa nane. Ndani mna kitanda cha kamba, sanduku, meza, kiti, mtungi na baiskeli. Wiki ijayo fundi Modesti ataleta kitanda cha mninga, nne kwa sita, nilichoagiza kwa ajili ya ndoa. Hicho hakina mjadala. Kwa kina Mwanasha mwenye neno ni mjomba, na mjomba wa ukoo wao haulizi mshahara. Anaonyeshwa kitanda. Anakikalia. Akiridhika, anataja siku ya ndoa. Asiporidhika anaaga kwa adabu, na posa imekufa. Mjomba mwenyewe, Mzee Abilahi, anakuja kutoka Kitomanga tarehe ishirini.

Chumba kimoja, kitanda kimoja, mashine moja. Hesabu nilikuwa wa pili darasani. Nafasi itapatikana.

Tatizo la pili ni Mama Martina. Ndiye mwenye nyumba, na ndiye mjumbe wa nyumba kumi zetu. Tangu Azimio la Arusha, mtu akionekana na kitu kikubwa anaulizwa amekitoa wapi. Sitaki kuitwa bepari. Mshahara wangu wenyewe hauniruhusu. Niliifunika kwa kanga mbili, nikamwamkia, nikamwambia ni pipa la maji.

Akatazama magurudumu. Akasema mapipa ya siku hizi yana haraka.


Jumanne, 6 Agosti

Nimeomba ruhusa ofisini. Nimesema naumwa. Baada ya kazi ya leo, si uongo tena.

Jaribio la kwanza: mashine chini ya dirisha, meza iende miguuni pa kitanda. Hapo mtungi unakosa mahali. Mtungi ukaenda juu ya meza. Meza ikayumba. Mtungi ulikuwa wa marehemu bibi.

Jaribio la pili: baiskeli itundikwe ukutani. Msumari ulipita upande wa pili, chumbani kwa Likwata. Huyu Likwata ni mpiga taipu wa ofisi yetu na jirani yangu wa kiambaza, na sijui nimemkosea nini Mungu. Nyumbani ananisikia, ofisini anasimulia. Aliurudisha msumari kwa nyundo, akaniuliza kwa sauti ya upole kama nina barua nataka kumpitishia.

Jaribio la tatu, lile la busara: kitanda cha kamba kiinuliwe kwa matofali, mashine iingie chini. Niliweka matofali manne kila mguu. Mashine haikuingia. Nikaweka sita. Haikuingia kwa sababu ya rola. Nikaweka nane. Iliingia! Nikapanda kwa kutumia kiti nijaribu kulala. Pua yangu na bati la paa vilikuwa majirani. Nilipogeuka ubavu tofali moja likateleza, na mengine yakalifuata.

Viambaza vya nyumba hii havifiki juu. Likwata akauliza kutoka kwake kama najenga ghorofa, na kama Mama Martina atapandisha kodi.

Nimemjibu kwamba nimeangusha kitabu. Akasema kitabu hicho lazima kina mambo mazito.


Alhamisi, 8 Agosti

Siku mbaya kuliko zote za maisha yangu. Acha nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi nilipata wazo. Ukumbi wa nyumba yetu ni mrefu, unatoka mlango wa mbele hadi uani, na ni wa wote. Nikaisukuma mashine hadi katikati, nikazilaza rola zake, nikaweka ubao juu, nikatandika kitambaa cha kijani, gazeti, na bilauri iliyofunikwa. Meza! Meza ya heshima kabisa. Mama Martina mwenyewe aliisifu. Alisema leo alasiri kuna mkutano wa nyumba kumi, na msemaji atapata pa kuegemea.

Nilipaswa kuelewa neno hilo, kuegemea.

Msemaji alikuwa Mzee Bakary, askari polisi mstaafu, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Mada: kujitegemea. Alianza vizuri. Akasema taifa linaloegemea wengine litaanguka. Kila aliposema hivyo aliikandamiza meza kwa viganja. Nilikuwa nyuma, nayaona magurudumu yakianza kufikiri. Alipofika mahali pa kusema lazima tusimame kwa miguu yetu wenyewe, meza iliondoka. Mzee Bakary aliondoka nayo. Waliteremka ukumbini pamoja, yeye akiwa ameikumbatia, mpaka barazani, na hapo nguzo ikawapokea.

Mzee hakuumia. Ubao ulianguka, kitambaa kikabaki mkononi mwake. Mashine ikasimama peke yake mbele ya watu, nyeupe kama jino.

Mama Martina akanigeukia.

"Fakihi, mwanangu. Hili ndilo pipa?"

Watu wote wa nyumba kumi walinitazama. Nilimwona Likwata akifungua mdomo. Nilijua neno litakalotoka, lina herufi sita na linaanza na B. Ndipo nikasikia sauti, na sauti ilikuwa yangu, ikisema kwamba ni mashine ya kufulia, na kwamba nimeileta kwa ajili ya ujamaa. Iwe ya nyumba zote kumi.

Walipiga makofi. Mzee Bakary alinikumbatia kama alivyoikumbatia mashine. Palepale likapitishwa azimio: mashine ni mali ya wote. Likapitishwa la pili: kwa kuwa ni mali ya wote, isilale nje kwenye umande na mbuzi. Mtu akauliza itunzwe wapi. Kila mmoja akaeleza jinsi kwake kulivyojaa.

Likwata alisimama. Alisema kwa unyenyekevu kwamba ndugu Fakihi ana elimu, anasoma maelezo ya Kizungu yaliyobandikwa ubavuni, na chumba anaishi peke yake.

Imerudi chumbani. Sasa si yangu, na bado iko chumbani.


Jumamosi, 10 Agosti

Siku ya kwanza ya kufua. Mimi ndiye karani wa mashine. Likwata amejichagua mwenyekiti wa mashine, na kazi yake ni kukaa kwenye kiti changu.

Nyumba nzima ina soketi moja tu, chumbani kwa Mama Martina, ya redio yake. Redio ikisema, mashine inanyamaza. Nimevuta waya juu ya viambaza, kupita kwa Likwata, hadi kwangu. Swichi ya mashine yenyewe ni ngumu, ukiizima haikubali kuwaka tena mpaka uipige kofi. Kwa hiyo nimeiacha imewashwa daima, na anayetaka kufua anapiga kelele, na Mama Martina anachomeka.

Maji ni madebe sita. Bomba liko mwisho wa mtaa. Kina mama walinieleza kwamba kwa madebe hayo wao hufua nguo za wiki nzima na kuogesha watoto. Niliwaambia wapumzike, mashine itafanya kazi. Walipumzika kwa kubeba madebe sita, wakamwaga, wakarudi kuchota mengine sita ya kusuuzia.

Rola zilivunja vifungo saba vya shati la Mzee Bakary, vile vya shaba vya zamani. Vilitoka vimekuwa bapa. Amevipokea kwa uchungu.

Saa kumi kamba zote za uani zilikuwa zimejaa. Zilizobaki zimeanikwa chumbani kwangu. Naandika haya nikiwa chini ya gauni la mtu. Linanidondokea.

Mwanasha alipita barazani pamoja na shangazi yake. Alisema amesikia. Aliuliza mashine hii si ilikuwa kwa ajili ya mgongo wake? Nikasema ni kwa ajili ya migongo yote. Akauliza sasa wa kwake ni wa ngapi kwenye zamu. Mimi sikujua. Likwata alijua: wa kumi na nne.


Jumatano, 14 Agosti

Fundi Modesti ameleta kitanda. Kizuri mno! Mninga mwekundu, kichwani kachonga maua. Kimeingia mlangoni vipande vipande, na kilipounganishwa hakuna mtu aliyeweza kutoka. Modesti alikwama upande wa dirisha. Alitoka kwa dirisha.

Kitanda kiko. Mashine iko. Mimi sipo: nimesimama ukumbini nikitazama chumba changu kama mgeni.

Nilikwenda kwa Mama Martina kumwomba mashine ikae kwake. Akanionyesha mifuko ya korosho na mashine yake ya kushonea. Nikaenda kwa Mzee Bakary. Alinionyesha vifungo vyake. Kwa Likwata sikwenda, lakini alinisikia nikifikiri, akasema kwake kuna nafasi ya sindano, tena imelazwa.

Basi nikamweleza Modesti jambo lililokuwa limeshindikana kwa matofali kwa sababu tu matofali hayana ufundi. Abadilishe miguu. Aweke mirefu, ya mninga uleule, mashine ipite chini bila kugusa. Modesti aliuliza urefu gani. Nikamwonyesha kifuani kwangu. Alinitazama, akasema kwa upole kwamba yeye hutengeneza vitanda, minara ya msikiti ana mwenzake. Nilimwambia atengeneze.

Amemaliza jioni hii. Nimepanda kwa kigoda. Kimetulia kama jabali. Mashine iko chini na waya wake, nimezungushia kanga mbele isionekane. Huyu Mzee Abilahi ataona kitanda tu. Ataona mtu mwenye kitanda kirefu. Huko juu kuna hewa.


Jumamosi, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Likwata ndiye anayepokea nguo. Anazirundika pamoja, kusudi maji yasipotee, na mimi nazitumbukiza. Leo kulikuwa na rundo kubwa. Niliongeza suruali zangu mbili za kaki na kaptura ya kulalia. Niliongeza pia shati langu jipya la kijani la mkutano, kwani sikujua kwamba kijani chake ni cha muda.

Nilikuwa natoa nguo kwenye rola. Mwanasha akaingia uani. Alisema amekuja kuchukua nguo za mama yake, Bwana Likwata alipita kwao jana akasema walete, wasione aibu, mashine ni ya wote.

Nilikuwa nimeshika nguo. Niliitazama. Ilikuwa gagulo jeupe, ambalo sasa lilikuwa la kijani, na mguu wa kaptura yangu ulikuwa umejifunga ndani yake mafundo mawili.

Mama yake, Bi Adija, ni mkwe wangu mtarajiwa. Kwetu Sudi mama mkwe humwangalii usoni, hukai naye mkeka mmoja, ukimwona njiani unaingia kichakani mpaka apite. Kwao Kitomanga ni zaidi ya hapo: hata mkeka wake ukiwa umetandikwa tupu, unazunguka. Nguo yake ikiangushwa na upepo, mkwe haiokoti. Anaita mtoto. Na mimi nimeifua. Nimeifua katika maji yaleyale ya kaptura yangu, nikaikamua, nikaiinua juu mbele ya kina mama kumi na moja.

Mtu mmoja akasema, "Yalaa." Ndilo neno pekee lililosemwa.

Mwanasha hakulia. Ingekuwa afadhali. Alivua kanga yake ya juu, akaliviringisha gagulo ndani yake, kaptura ikiwa ingali imefungwa, akaenda nalo vilevile. Sasa hata kaptura yangu iko kwa mama mkwe.


Jumapili, 18 Agosti

Likwata ameapa kwamba hakukusudia. Alisema alidhani mambo hayo ya mkwe yanaanza baada ya ndoa. Kisha akaniuliza, kwa nia ya kujifunza tu, kama kaptura ile itahesabiwa katika mahari. Tangu asubuhi ananiita Bwana Dobi.

Mimi siwezi kwenda kwa Bi Adija kuomba radhi, kwa kuwa siwezi kuongea naye, na hilo ndilo ninaloombea radhi. Nimempigia magoti Mama Martina aende badala yangu. Alikwenda baada ya misa, na kuku jike na doti ya kanga. Alirudi jua likitua.

Habari aliyoleta ni hii. Bi Adija hakupokea kitu. Kuku alifungwa mguu wa meza akisubiri uamuzi. Alisema yeye ni mjane wa watu, ameishi Mtanda miaka ishirini na hakuna mwanaume aliyeona hata ukingo wa gagulo lake, na sasa limeonwa na nyumba kumi likiwa la rangi ya chama. Kama yeye angekuwa wa kuamua, angeamua papo hapo. Lakini wa kuamua ni kaka yake, Mzee Abilahi, naye anakuja keshokutwa, na ameshatumiwa habari yote.

Niliuliza Mwanasha alisema nini. Mama Martina alisema binti alikuwa jikoni, na sufuria zilikuwa zikiwekwa chini kwa nguvu.

Mama Martina amenishauri kitu kimoja tu. Niondoe mashine chumbani kabla ya mzee kufika, hata ikibidi niisukume mpaka Ng'apa. Ni ushauri mzuri. Ila nimefikiri. Nikiitoa nje navunja azimio la nyumba kumi. Na kanga zinaificha vizuri sana. Akikaa juu hawezi kuona chini. Mtu haoni alichokikalia.


Jumanne, 20 Agosti

Alikuja saa nne. Mtu mwembamba, mrefu, koti la zamani, kofia ya vito, na fimbo. Mkulima wa mikorosho, mgongo umepinda kidogo. Nilimwamkia shikamoo mara tatu. Aliitikia marahaba mara moja, akasema hiyo inatosha zote.

Ukumbini walikuwepo Mama Martina, Mzee Bakary kama shahidi, na Likwata kama Likwata. Mwanasha alikaa barazani na shangazi yake, kwa vile si adabu aingie.

Mzee Abilahi alivua viatu mlangoni. Aliangalia kitanda. Godoro lilikuwa sawa na kifua chake. Akauliza kule juu analala nani. Nikasema kuna hewa, mzee. Akauliza mke akishikwa na uchungu usiku, ateremshwe kwa kamba? Nikamwekea kigoda. Alipanda taratibu, akakaa ukingoni, miguu ikining'inia kama ya mtoto.

Akaanza. Alisema amesikia yaliyotokea. Alisema mkwe ni mkwe hata katika mambo ya kisasa, na kwamba ujamaa ni kulima pamoja, si kufuliana magagulo. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira. Nilianza kupata tumaini. Akasema hata hivyo kijana ambaye hakukusudia...

Na hapo Likwata akataka kumheshimu mgeni kwa redio.

Hakuna haja ya kueleza sana. Kuna soketi moja, na plagi mbili zinazofanana. Na jana jioni, nikiwa nimetoka, Likwata alikuwa ametumbukiza nguo zake zilowane, maji yakiwa hadi ukingoni, bila kuniambia, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti.

Kitanda kilianza kwa kunguruma. Kisha kikatikisika. Mzee Abilahi alishika maua ya Modesti kwa mikono miwili. Ni mtu wa subira kubwa: aliendelea kusema. Lakini maneno yalitoka vipande vipande, ki-ja-na-na-na, na kofia ikamteremkia puani. Mzee Bakary alitoa shahada. Povu likatokea chini ya kanga, likasambaa polepole mpaka kwenye viatu vya mgeni pale mlangoni.

Nilipiga kelele wachomoe. Hawakusikia. Mzee aliteremka peke yake, bila kigoda. Akaifungua kanga kwa ncha ya fimbo. Mashine ilikuwa ikizungusha suruali za Likwata. Aliitazama mzunguko baada ya mzunguko, hadi Mama Martina alipochomoa.

"Kumbe hii ndiyo iliyomvua nguo dada yangu," alisema.

Nilisema ndiyo, mzee.

"Chumba kina nafasi ya mmoja. Yeye au mpwa wangu. Usiniambie utapima. Sema sasa."

Nilitazama mlangoni. Mwanasha alikuwa amesimama, amesahau adabu, amesahau shangazi. Alinitazama kama anavyowatazama watoto wa darasa la kwanza wanaoulizwa moja na moja.

"Mwanasha," nilisema.

Sauti yangu haikutetemeka. Naandika jambo hili kwa sababu halijawahi kutokea.

Mzee Abilahi aliitikia kwa kichwa. Kuku wa Bi Adija atapokelewa, na kanga pia. Gagulo nitalipa jipya, jeupe, na atakayelinunua awe Mama Martina. Miguu ya kitanda ikatwe, mke si wa kupandiwa ngazi. Ndoa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi, mashine ikiwa haipo. Ikiwa bado ipo, harudi tena kuuliza.

Alipokuwa akivaa viatu vyake vyenye povu alisimama, akajinyoosha, akashika kiuno. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama inawezekana kuchomekwa tena kidogo. Maumivu ya mgongo yalikuwa yamemwachia.

Alikaa robo saa.


Alhamisi, 22 Agosti

Mkutano wa dharura wa nyumba kumi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba mashine iondolewe. Sikuisoma. Kina mama walinyoosha mikono kabla sijasimama. Wamechoka kuibebea maji. Walisema wakifua kwa mikono walikuwa wanapata habari za mji mzima, lakini tangu ije mashine hawasikii ila mashine. Hawajui hata nani kaachwa.

Ikaulizwa nani aichukue. Kila mmoja akaeleza tena jinsi kwake kulivyojaa. Ndipo Mama Martina akasema Mzee Abilahi ameacha ujumbe: kama haina pa kwenda, yeye ataipokea. Kitomanga hakuna umeme, anajua. Anataka pa kuhifadhia mbegu za ufuta. Ina mfuniko, na panya hawezi kupanda kitu kilaini vile.

Lori la korosho limeichukua alasiri. Likwata alisukuma upande mmoja nami mwingine. Alisema atanikumbuka kama dobi. Mzee Bakary alipiga saluti, sina hakika kwa nani.

Modesti amekata miguu. Kitanda sasa kinafika magotini. Nimekaa juu yake, miguu imefika chini. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Mwanasha alipita akitoka shuleni, na shangazi. Akachungulia dirishani. Alisema chumba ni kikubwa, kumbe. Akasema pia amefikiri, na karai si baya sana iwapo suruali za kaki nitafua mwenyewe. Nimekubali. Ningekubali chochote. Kaptura yangu alinirudishia, imepigwa pasi. Sikuuliza na nani.


Jumapili, 25 Agosti

Siku nzima ya utulivu. Nimefua suruali zangu uani kwa karai. Kina mama wamenionyesha jinsi ya kukamua. Inahitaji mikono tu.

Ila kupiga pasi! Pasi ya mkaa imenimwagia jivu kwenye shati jeupe, na Mwanasha ana magauni sita ya shule yenye marinda. Atayapiga vipi kila asubuhi? Mtu anayempenda mkewe lazima alifikirie hilo mapema.

Jana ofisini nilisikia kwamba padri mmoja wa misheni anahama, na ameacha mashine ya kupigia pasi. Mashine kamili, ya kusimama, ina ubao mrefu na rola inayozunguka yenyewe. Hakuna aliyeitaka. Nimepita kuiona baada ya adhuhuri, kuiona tu. Mkokoteni unaileta kesho, wakati Mama Martina yuko sokoni.

Nimeshaipima. Ikisimamishwa wima nyuma ya mlango, mlango utafunguka nusu.

Mwanasha si mnene.